Onjeni Kabla ya Kutia Chumvi

Wanangu mnaoshika orodha, nyinyi wa Kibiti na Ikwiriri, wa Utete ng'ambo ya mto, na nyinyi wa Mbwera na Kiongoroni mnaoleta mafaili yenu kwenye flashi kwa boti, nina neno nanyi. Ni neno la alama moja ndogo: ritifaa, ile inayokaa baada ya herufi mbili za mwanzo katika ng'ombe. Nimeiona ikisumbua tangu kompyuta zilipokuwa masanduku mazito yenye skrini nyeusi, na kila kundi la makarani linaloingia ofisini linaanza upya palepale walipoanzia wenzao. Waliostaafu waliivuruga. Waliowarithi wakaivuruga. Nanyi mmekuja na kompyuta zenu nyembamba, mna vyeti vizuri, mna wepesi ambao sisi hatukuwa nao, na bado mwaka hauishi kabla sijaletewa orodha iliyojaa madudu, mwenye orodha amesimama mlangoni akisema, "Mzee, kompyuta imeharibika."

Haijaharibika. Wala sina hasira. Najua bosi anataka ripoti kabla ya saa nane, najua umeme una tabia zake, najua mtu akiwa na mafaili arobaini na njaa ya mchana hatapenda kukaa kuyachunguza moja moja. Lakini kwa sababu tumekula hasara ileile miaka mingi, nimeona tukae tuzungumze.

Kwanza, mjue kwamba Kiswahili chetu kimetudekeza. Kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili katika nchi za Afrika Mashariki ilituachia maandishi yasiyo na kofia wala vitone juu ya irabu. Mfaransa hawezi kuandika ukurasa mmoja bila alama za juu ya herufi. Sisi tunaandika kitabu kizima. Wamarekani walipotoa jedwali lao la herufi za kompyuta, ASCII, mwaka 1963, kisha wakalitia herufi ndogo mwaka 1967, walitenga nafasi 128 tu, na Kiswahili chote kikaenea humo bila kubanwa. Hata ritifaa iliyonyooka imo, namba 39. Ndiyo maana karani wetu anaweza kupitisha majina ya kijiji kizima, kina Mohamedi na kina Asha na kina Seif, asione kasoro, akajenga imani kwamba herufi ni herufi, na faili ni faili.

Kisha anakuja mtu aliyeandika orodha yake kwenye Word. Word inapenda kupamba: ukibonyeza ritifaa iliyonyooka, yenyewe inaipinda ikawa ’. Baadhi ya simu nazo zina mazoea hayo. Kwenye karatasi inapendeza. Ila ritifaa iliyopinda haimo katika zile nafasi 128, na hapo ndipo kitumbua kinapoingia mchanga.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Katika Windows, kwenye jedwali la zamani liitwalo Windows-1252, ritifaa iliyopinda ni namba 146. Chukueni namba hiyohiyo, muisomeshe programu ya zama za DOS yenye jedwali la 437, itasema 146 ni Æ, na mnyama wenu atakuwa ngÆombe. Katika UTF-8, inayotumika siku hizi karibu kila mahali, ritifaa hiyo inaandikwa kwa namba tatu zinazofuatana: 226, 128, 153. Sasa programu inayosoma kwa Windows-1252 ikipewa namba hizo tatu, itazisoma moja moja, maana haijui kwamba zinakwenda pamoja. 226 kwake ni â, 128 ni €, 153 ni ™. Ndiyo ile ngâ€™ombe mnayoniletea mkidhani ni kirusi. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Namba hazijaguswa hata moja. Aliyezisoma ndiye aliyeshika jedwali lisilo lake.

Na hapa ndipo uzito wa jambo lote ulipo, kwa hiyo niwieni radhi nikikaa kidogo. Faili la maandishi matupu kwa kawaida halibebi ndani yake jina la jedwali lililotumika kuliandika. Picha hujitambulisha mwanzoni mwa faili, wimbo vilevile. Orodha ya majina ya .txt au .csv ni mfululizo wa namba tu. Anayejua iliandikwaje ni aliyeiandika, na mara nyingi naye hajui, maana programu ilimchagulia. Kila programu nyingine inayolifungua faili hilo inakisia. Ikikisia vizuri hamwoni kitu. Ikikosea mnaona madudu, au, kibaya zaidi, hamwoni kitu vilevile.

Msidhani ni habari ya urembo. Serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi waliteremka na mifugo yao hadi Lindi na huku kwetu Rufiji. Walikuja na majina yao, na jina la Kisukuma linaloanza na Ng'w halina njia ya kuandikwa pasipo ritifaa. Kwa hiyo katika orodha ya kijiji Mndengereko, mwenyeji wa hapa, anapita salama, na mgeni, ambaye tayari ana mengi ya kujieleza kila anapofika mbele ya meza ya ofisi, ndiye ambaye jina lake linageuka. Hakuna aliyekusudia kumbagua. Matokeo yake ni yaleyale.

Nilimwona mzee mmoja wa namna hiyo kwenye dirisha la ofisi fulani. Karani, binti mwenye adabu zake, aliandika jina kwa ritifaa iliyonyooka, akatafuta. Hakuna. Akaliandika bila ritifaa. Hakuna. Akaomba kitambulisho, akalinakili herufi kwa herufi akitamka taratibu. Hakuna. Jina lilikuwamo, chini huko, limeandikwa kwa Ng’w. Akamwambia kwa upole, "Babu, humu haumo, rudi kwa mtendaji wa kijiji." Mzee akauliza kama na ng'ombe wake nao hawamo. Tulicheka sote, naye akacheka, kisha akatoka kutafuta bodaboda ya kumrudisha alikotoka, kwa nauli yake.

Fikirieni basi orodha za kaya zinazoandikwa wakati wa mafuriko kama yale ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Siku kama hizo, jina lisilopatikana kwenye orodha ni mtu asiyepata unga. Fikirieni mkulima wa korosho anayesubiri malipo yake benki, jina la chama cha msingi linasema hivi, la benki linasema vile. Mtu wa benki hana kosa akisita.

Haya. Dawa ipo, na haina gharama: amri iitwayo iconv, inayobadili faili kutoka jedwali moja kwenda jingine. Imo kwenye Linux, imo kwenye Mac. Nyinyi vijana mnaijua, na ndiyo inayonifanya niandike haya, maana dawa hiyo imeua orodha nyingi kuliko ugonjwa wenyewe. Mpishi akikuta chungu jikoni hakitii chumvi kabla ya kuonja; hajui aliyetangulia alitia kiasi gani. Nyinyi mnatia tu. Mmeona madudu, mmekumbuka amri mliyofundishwa, mmebonyeza Enter.

Onjeni kwanza. Fungueni dirisha la amri, mwandike:

file -i orodha.csv

Kwenye Mac ni -I kubwa. Likijibu us-ascii, funikeni chungu mwende zenu. Faili la ASCII tayari ni UTF-8 halali, baiti kwa baiti, na hakuna cha kubadili. Likijibu utf-8, nalo liacheni. Likijibu unknown-8bit, basi pana kitu humo, lakini amri hiyo haikijui, na kama mmetoka kwenye kompyuta za Windows za huku kwetu, uwezekano mkubwa ni Windows-1252. Ila mkumbuke kwamba file nayo inakisia, na kwa kawaida husoma sehemu ya mwanzo tu ya faili kubwa. Kwa hiyo onjeni mara ya pili:

iconv -f UTF-8 -t UTF-8 orodha.csv > /dev/null

Amri hii haibadili kitu. Inapeleka kila kitu shimoni. Kazi yake ni kusoma. UTF-8 ina utaratibu mkali wa namba gani inaweza kufuata namba gani, na ritifaa ya Windows-1252, ile 146 iliyokaa peke yake, inauvunja papo hapo. Faili likiwa si UTF-8, iconv itasimama na kuwaambia imesimamia wapi. Likipita kimya hadi mwisho, ni UTF-8, na mkilibadili tena mtajipalia makaa.

Mkiwa bado na shaka, zitazameni namba zenyewe kwa macho yenu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame:

LC_ALL=C grep -i -m 3 'ng[^a-z, ]' orodha.csv | xxd

Itawatolea mistari mitatu ya kwanza yenye ng iliyofuatwa na kitu kisicho herufi ya kawaida, na kando yake namba zake kwa hesabu ya kumi na sita. Mkiona 27, hiyo ni ritifaa iliyonyooka, raha mustarehe. Mkiona 92, ni ile 146 ya Windows. Mkiona e2 80 99, ni UTF-8. Mkiona d5, faili limetoka kwenye Mac ya zamani sana, na jedwali lake linaitwa MACINTOSH. Mkiona c2 92, kaeni kitako, tutalifikia.

Mkishajua, ndipo mnabadili:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 orodha.csv > orodha-utf8.csv

-f ni kutoka, -t ni kwenda. Jina la faili la pili lazima liwe tofauti na la kwanza. Nimewaona wanaoandika jina lilelile pande zote mbili kwa kuona uvivu wa kubuni jingine. Wanachokisahau ni kwamba ile alama ya > inafanya kazi kabla ya iconv: dirisha la amri linaliandaa faili la kupokea kwa kulimwaga likawa tupu, kisha ndipo iconv inaitwa ije kusoma, na inakuta hakuna kitu. Faili la baiti sifuri. Maji yakimwagika hayazoleki, na mtendaji aliyeziandika zile kaya hana nakala, maana alijua nyinyi mnayo.

Sasa turudi kwenye c2 92, maana hilo ndilo kosa ninalolichukia kuliko yote, kwa kuwa halina kelele. Lipo jedwali jingine liitwalo ISO-8859-1, linalofanana na Windows-1252 karibu kila mahali, na vitabu vingi vya zamani vinalitaja kwanza. Tofauti yao iko kati ya namba 128 na 159: Windows waliweka humo alama za uandishi, ikiwemo ritifaa yetu, na ISO wakaweka alama za kuendeshea mitambo, zisizoonekana. Mkiandika -f ISO-8859-1, iconv haitalalamika kamwe, kwa sababu jedwali hilo linakubali kila namba. 146 itageuzwa kwa uaminifu mkubwa kuwa alama isiyoonekana. Mkifungua faili mnaona ngombe, safi, bila madudu, mnashukuru Mungu, mnaituma. Wiki tatu baadaye mtu anatafuta Ngwandu, hampati, anatafuta Ng'wandu, hampati, na hakuna mwenye macho ya kuona kilichokaa katikati. Jina lipo na halitafutiki. Bora madudu mara mia. Madudu angalau humfanya mtu aulize.

Ukikuta tayari limetokea, linarudishika: lipeleke faili kutoka UTF-8 kwenda ISO-8859-1, nalo litakuwa lilivyokuwa, kisha anza upya na WINDOWS-1252. Lakini hiyo ni kwa aliyelikuta mapema, kabla mwingine hajalipitia akalisafisha.

Kusafisha nako! iconv ikigoma, ikisema imekutana na kitu isichokijua, kijana anatafuta namna ya kuinyamazisha, anaambiwa aongeze -c. Kweli itanyamaza. Kila isichokielewa itakitupa. Anayefanya hivyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe amelifunga yeye. Ile kugoma ilikuwa msaada: ilikuwa inasema, "Hilo jedwali ulilonitajia silo." Msikilizeni anayegoma.

Kubadili mara mbili ni kosa la watu wawili wema wasiozungumza. Wa kwanza anabadili orodha asubuhi, hasemi, hajabadili jina la faili. Wa pili anakuja mchana, anakumbuka kwamba orodha za kijiji hicho huwa za Windows, anabadili tena. Zile namba tatu za ritifaa zinasomwa kama herufi tatu na kuandikwa upya kila moja kwa UTF-8, na ng'ombe anakuwa ngâ€™ombe kwelikweli, ndani ya faili, si machoni tu. Wa tatu akija akatia tena, inakuwa ngÃ¢â‚¬â„¢ombe. Hapo nawasihi msikimbilie kufuta. Pelekeni faili kinyume, kutoka UTF-8 kwenda WINDOWS-1252, mara moja, mtazame. Kila safari inatoa tabaka moja. Nimeziokoa orodha hivyo, na kila mara mwenye orodha alikuwa ameshaanza kuichapa upya kwa mkono.

Excel lazima niitaje, maana ndiyo nyumba ya wengi wenu. Mkibofya mara mbili faili la .csv lililoandikwa kwa UTF-8 lisilo na alama ya utambulisho mwanzoni, Excel ya Windows kwa kawaida hulisoma kwa jedwali la zamani la kompyuta hiyo. Madudu yanatokea kwenye skrini, lakini faili lililoko kwenye diski ni zima kabisa. Mgonjwa hapo ni msomaji. Lifungeni bila kuhifadhi, mfungue Excel tupu, mwingie sehemu ya kuleta data kutoka kwenye faili la maandishi, mchague 65001, na ng'ombe atatokea mzima. Anayebonyeza kuhifadhi akiwa anayatazama madudu anaweza kuyageuza kuwa kweli. Siku hizi Excel inaweza kuhifadhi CSV ya UTF-8, jambo jema, ila hutia mwanzoni baiti tatu za utambulisho, na programu isiyozitarajia huzibandika kwenye kichwa cha safu ya kwanza: safu iliyoitwa jina inakuwa ï»¿jina, na hesabu zote zinazoiita kwa jina lake zinakwama. Amri tail -c +4 inaziruka hizo tatu. Hakikisheni tu kwamba zipo kabla ya kuziruka.

Kosa la kuunganisha ndilo linalonipa kazi zaidi kila wilaya ikitaka taarifa zake kwa pamoja. Mtendaji wa Salale amehifadhi kwa Word ya zamani, wa Bungu ametuma kutoka kwenye simu, wa Mchukwi ametumia Excel mpya. Karani wa juu anaandika cat vijiji/*.csv > wilaya.csv na anajiona amemaliza. Sasa ndani ya faili moja mna 146 ya Windows na 226, 128, 153 za UTF-8, zimekaa jirani, mstari kwa mstari. Hakuna jedwali moja la kulisoma faili hilo lote. Mkisema ni UTF-8 linagoma Salale. Mkisema ni Windows linaharibika Bungu. Njia ni kurudi kwenye mafaili ya vijiji, kama mliyatunza, na kulionja kila moja peke yake, linalohitaji kubadilishwa likabadilishwe na kuwekwa kwenye folda nyingine, lisilohitaji likanakiliwe lilivyo, kisha ndipo muunganishe. Nawajua, mtataka kuandika amri moja ya kuzunguka folda nzima. Andikeni, mimi siwazuii, lakini ile onja ya UTF-8 kwa UTF-8 iwemo ndani ya mzunguko, faili likipita linakiliwe, likigoma ndipo libadilishwe.

Mkimaliza yote hayo bado pana ritifaa za sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda, zote halali katika UTF-8, na kwa kompyuta Ng'wandu wa kwanza na Ng’wandu wa pili ni watu wawili. Chagueni moja. Mimi nachagua iliyonyooka, kwa kuwa ndiyo inayotoka kidoleni:

sed "s/’/'/g" orodha-utf8.csv > orodha-safi.csv

Kwa maandishi ya kitabu ningechagua nyingine. Kwa orodha ya kutafutia watu, iliyonyooka.

Na isiwe mtu aseme basi tuachane na mambo ya UTF-8, tubaki na ASCII inatutosha. Haitutoshi hata hapa deltani. Manowari ya Kijerumani iliyojificha katika mikono ya Rufiji tangu Septemba 1914 hadi ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915 iliitwa Königsberg. Kijana anayewaandikia wageni habari zake hukutana na ile ö, na nimeshaona vipeperushi vyenye KÃ¶nigsberg na hata K÷nigsberg, ambayo ni ileile ö ya Windows ikisomwa kwa jicho la DOS. Na wapo wenye barua za babu zao, Kiswahili kitupu kwa hati ya Kiarabu, wanaotaka kuzichapa. Hati hiyo, pamoja na ö, pamoja na ritifaa, vyote vinakaa katika faili moja la UTF-8 bila kusukumana. Ken Thompson na Rob Pike waliibuni jioni moja ya Septemba 1992 katika mgahawa huko New Jersey, wakichora kwenye karatasi ya kutandika mezani, na walihakikisha kwamba ASCII yote inabaki ilivyo ndani yake. Ndiyo maana maandishi yetu ya zamani yasiyo na mapambo hayahitaji kuguswa.

Jambo jingine tulilifundishwa hapahapa, na inanisikitisha kwamba halijaenea kila ofisi. Novemba 1998 ulianza Rufiji mfumo wa kufuatilia uhai na vifo vya watu, vijiji 31 katika kata za Bungu, Kibiti, Mchukwi, Mgomba, Umwe na Ikwiriri, kaya kwa kaya, zikitembelewa mara tatu kwa mwaka. Kila mtu alikuwa na namba yake ya kudumu. Jina huandikwa vibaya, mtu hubadili jina akitoka Hija au akiolewa, ila namba inamfuata. Mwenye orodha yoyote, hata ya wenye mitumbwi, ampe kila mtu namba, na amtafute kwa namba hiyo. Siku ritifaa ikipotea, mtu hatapotea nayo.

Sasa niseme lililobaki, lisilo na amri. Mkikuta ng?ombe, yenye alama ya kuuliza katikati, au ile � nyeusi, nayo imo ndani ya faili lenyewe, si machoni tu, hapo hakuna cha kubadili. Kuna programu, mahali fulani njiani, ilitakiwa kuiandika ritifaa katika jedwali lisilo nayo, ikaandika alama ya kuuliza badala yake, na namba ya asili haipo tena. Msipoteze mchana mzima na iconv. Msikisie pia, maana Ng?wandu mnayedhani mnamjua anaweza kuwa mdogo wake. Tafuteni faili la awali. Kama halipo, tafuteni daftari la mtendaji. Kama daftari lilikwenda na maji, chapeni yale majina yaliyoharibika peke yake, yenye namba za kaya pembeni, mpigieni simu mtendaji awatajie moja moja, na kwa kijiji kisichoshika mtandao mpeni karatasi hiyo mtu anayepanda boti Nyamisati aiwasilishe. Ikirudi imejazwa kwa kalamu, ichapeni kwenye kihariri cha maandishi matupu, si Word, na kwenye kila ng' bonyezeni kile kitufe kilicho kando ya Enter.